Kabla ya kununua nyasi, anza na udongo na mawe

Wanaojenga huku Kigamboni huniuliza nyasi za mbele ya nyumba yangu nilizitoa wapi. Nami huwauliza kwanza: maji ya kisima chako yakoje? Visima vingi vya pwani hii vina chumvi, na nyasi zisizoivumilia zitanyauka hata ukizimwagilia kutwa. Ndiyo maana nilichagua paspalamu, nyasi iliyozoea ufukwe. Chini ya mwembe nikaweka nyasi za Pemba, zile za majani mapana, kwa kuwa zinastahimili kivuli.

Mchanga wetu haushiki maji. Nilikwangua juu, nikamwaga udongo wa bustani uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, unene kama sentimita 15, ukiteremka kidogo kuelekea getini ili mvua za masika zisituame ukutani. Ukifika hapo tulia. Mwagilia udongo mtupu wiki mbili uone kitakachoota. Ndago ikichomoza, ichimbue pamoja na vijiazi vyake, kwa maana ikishajificha ndani ya nyasi itakusumbua miaka.

Mawe ya mapambo yatangulie nyasi. Jiwe la kubebwa na watu wanne likiburutwa juu ya nyasi changa, kazi yote imeharibika. Mawe makubwa nayafukia theluthi moja ardhini. Jiwe lililowekwa juujuu huonekana kama limesahauliwa na mafundi. Halafu acha nafasi ya kiganja kati ya jiwe na nyasi, ujaze kokoto ndogo. Jua la saa nane mchana hulichoma jiwe kwelikweli, na nyasi zinazoligusa ndizo hukauka kwanza.

Nyasi zenyewe, zile zinazokatwa vipande pamoja na udongo wake, zije asubuhi na zipandwe siku hiyohiyo. Zikilala zimerundikana hupata joto na kugeuka njano. Pishanisha maungio kama ya matofali ukutani, vipande vibanane, vishindilie kwa ubao, kisha mwagilia papo hapo. Inua kona ya kipande: udongo wa chini ukiwa mkavu, ongeza maji. Endelea asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili au tatu vuta majani taratibu. Kipande kikigoma kuinuka, mizizi imeshika, anza kupunguza maji. Mpaka hapo watoto wachezee uani.

Siku ya kufyeka mara ya kwanza, noa kisu cha mashine. Kisu butu hung'oa nyasi ambazo bado hazijajishikiza vizuri.