Pima Katoni Ikiwa Imeshafungwa: Hesabu ya Ujazo Kabla ya Kumtajia Mteja Nauli

Nilipoanza biashara ya kuuza vikapu nje ya nchi, nikiwa na kibanda kidogo hapa Kijenge, Arusha, nilimtajia mteja wangu wa Ujerumani gharama za usafiri kwa kutegemea mizani peke yake. Nilikuwa na katoni nane za vikapu vya milulu kutoka Iringa, kila moja ikiwa na kilo 9, jumla kilo 72. Nikazidisha kilo hizo kwa nauli niliyopewa na wakala, nikaongeza kidogo kwa ajili ya dharura, nikatuma ankara na mteja akalipa siku hiyo hiyo. Mzigo ulipofika uwanja wa ndege wa KIA, hati ikaandikwa kilo 192. Nilidai kwamba mizani yao ni mbovu, tena kwa sauti ya juu kuliko ilivyopasa, mpaka kijana mmoja wa ghalani alipochukua futi kamba na kunipigia hesabu juu ya katoni yangu mwenyewe. Nauli ya kilo 120 zilizozidi niliitoa mfukoni.

Sisi tuliozoea lumbesa, ambako gunia hurefushwa kwa kamba na bei ikabaki ile ile ya gunia, huona nafasi kama kitu cha bure. Kwenye ndege nafasi ndiyo inayouzwa. Shirika la ndege hulinganisha uzito halisi na uzito unaotokana na ujazo, kisha hukutoza ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, na jibu kuligawanya kwa 6,000. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000, jambo linaloongeza kilo za kulipia, kwa hiyo uliza kigawanyo chao kabla hujauliza bei ya kilo.

Katoni zangu zilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana wa 50 na kimo cha 45, yaani sentimita za ujazo 135,000, ambazo ukizigawanya kwa 6,000 unapata kilo 22.5. Kwa katoni nane hizo ni kilo 180. Basi 192 ilitoka wapi? Vipimo vyangu nilivichukua katoni zikiwa tupu, bapa na zimenyooka, dukani nilikozinunua. Baada ya kushindilia vikapu na kuzungushia gundi ya karatasi, kifuniko kilivimba katikati kama mkate, na kimo kikawa sentimita 48. Anayepima mzigo hupima pale palipochomoza zaidi, wala hana sababu ya kukuhurumia kwa sababu pembe ziko chini. Sentimita tatu tu ziliniongezea kilo moja na nusu kwa kila katoni. Tangu hapo sipimi kitu mpaka kiwe kimefungwa kabisa, na kama kifuniko kimevimba nafungua na kupanga upya.

Kupanga upya ndiko kulikookoa biashara. Mwanzoni kila kikapu kilisafiri kikiwa wima na kitupu, kwa hiyo mteja wangu alikuwa akilipia hewa ya Arusha ipelekwe Ulaya. Sasa ninaagiza kwa saizi tatu zinazoingiliana, kidogo ndani ya cha kati na cha kati ndani ya kikubwa, na mikono ya ngozi hushonwa ikiwa imelala nje ili isizuie. Idadi ile ile ya vikapu hutosha katoni tano zenye kimo cha sentimita 45, na kilo za kulipia hushuka hadi 112.5. Yapo mambo ambayo hesabu haiwezi kuyaondoa, kwa mfano umbo la duara: kikapu au ngoma yenye kipenyo cha sentimita 70 huhesabiwa kama mraba wa 70 kwa 70, na zaidi kidogo ya moja ya tano ya eneo unalolipia ni pembe tupu. Ngoma kubwa huwa najaza vikapu vidogo ndani yake, na mteja hufurahi.

Kwa meli utaratibu ni mwingine. Mzigo wa kuchangia kontena hutozwa kwa mita ya ujazo, ile wenyewe wanayoiita CBM, na tani moja huchukuliwa kuwa sawa na mita moja ya ujazo. Hulipiwa kinachozidi kati ya hivyo viwili. Hapa sentimita za ujazo hugawanywa kwa 1,000,000, na nimeona watu wazima wakipoteza sifuri moja katika hatua hiyo na kumtajia mteja nauli mara kumi ya inayostahili. Katoni zangu nane zilizovimba zingekuwa mita za ujazo 1.152. Zikipandishwa juu ya paleti (jukwaa la mbao la kupangia mzigo) ya sentimita 120 kwa 100, yenye kimo cha takribani 15, zinakaa nne chini na nne juu bila kuacha pengo, kimo chote kinakuwa sentimita 111, na ujazo unapanda hadi 1.332. Mbao za paleti nazo zinalipiwa. Laiti katoni zingekuwa na urefu wa sentimita 65, zingening'inia nje ya paleti na kila ukingo uliochomoza ungeingizwa kwenye vipimo.

Kwa wenye mzigo mkubwa, kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33 hivi ndani yake, lakini kwa katoni za saizi mchanganyiko mimi hupanga kwa 25 hadi 28. Wenzetu wa kahawa kule Moshi hawasumbuki sana na hili, kwa kuwa magunia 320 ya kilo 60 yanakaribia tani 20 na kontena linakuwa limejaa.

Nauli ya baharini yenyewe isikudanganye kwa unafuu wake. Wakala akikupa bei ya CBM kutoka Dar es Salaam au Tanga, mwombe aandike pia gharama za bandari ya kule mzigo unakoshukia, kwa sababu nazo hutozwa kwa CBM, na kwa mzigo mdogo zinaweza kuzidi nauli ya meli. Vilevile wengi wana kima cha chini cha CBM moja, hata kama ulichonacho ni nusu yake. Nauli ya lori kutoka Arusha hadi bandarini iweke kwenye mstari wake, usiichanganye.

Siku hizi kila katoni naiandikia vipimo vyake kwa kalamu nene pande mbili, kisha naipiga picha futi kamba ikiwa imenyooshwa juu yake na namba zinasomeka. Wakala mmoja aliwahi kuniletea ankara ya CBM 1.6 kwa mzigo niliokuwa nimeupima 1.33, nilimtumia picha hizo bila maneno mengi, na kabla ya saa kumi jioni ankara mpya ilikuwa imefika.