Uvimbe shingoni: kabla ya kulaumu mionzi, uliza umri na njia

Tangu mdogo wangu atolewe tezi ya shingo, watu wananiuliza swali lilelile, kuanzia majirani zetu hapa Kirumba, Mwanza, hadi mama mkubwa aliyepiga simu kutoka Ukerewe: si ule mnara wa simu uliojengwa nyuma ya nyumba yao? Wengine wanataja eksirei aliyopigwa mguu alipoanguka na bodaboda. Na kila likizungumzwa jambo hili, hakosi mtu wa kuitaja Chernobyl, kule Ukraine kilikolipuka kinu cha nyuklia, kwamba kule mionzi ilithibitika kuleta saratani ya tezi, basi na hapa itakuwa ni hiyohiyo.

Chernobyl ilithibitika kweli. Lakini ukisoma kilichogunduliwa kule, unaona mnara na mguu havimo kabisa.

Tezi hii ya mbele ya shingo, ambayo madaktari huiita thairoidi, hutengeneza homoni kwa kutumia iodini, yale madini joto ya kwenye chumvi. Iodini yoyote ikiingia mwilini, tezi huinyakua. Kinu namba 4 cha Chernobyl kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, mojawapo ya vitu vilivyotapakaa angani ilikuwa iodini-131, iodini yenye mionzi. Tezi haina namna ya kuitofautisha na ile ya kawaida. Iodini hiyo ilianguka kwenye majani, ng'ombe wakala majani, na vijijini watoto wakaendelea kunywa maziwa kwa siku na wiki, kwa sababu serikali ya Kisovieti ilichelewa kusema na haikuyazuia mapema. Nusu ya iodini-131 hutoweka kila baada ya siku 8. Hatari kubwa ilikuwa katika wiki zile chache za mwanzo, na ilipita zaidi kwenye kikombe cha maziwa kuliko kwenye hewa.

Tezi ya mtoto ni ndogo, na mtoto hunywa maziwa mengi. Kiasi kilekile cha iodini kikiingia kwenye tezi ya mtoto wa miaka mitatu, kila gramu ya tezi hiyo hupata dozi kubwa mara kadhaa kuliko kwa mtu mzima. Saratani ya tezi kwa watoto ni nadra sana, kama mmoja kwa mwaka katika kila watoto milioni moja. Mwaka 1992 madaktari wa Belarus walipotangaza kwamba wanaona watoto wengi mno, baadhi ya wataalamu wa nje hawakuwaamini, ikionekana ni mapema mno. Madaktari hao wa Belarus walikuwa sahihi. Kufikia 2005 zaidi ya wagonjwa 6,000 walikuwa wamegunduliwa Belarus, Ukraine na maeneo ya Urusi yaliyoathirika zaidi, wote wakiwa watoto au vijana wakati wa ajali. Kati yao 15 walikuwa wamefariki. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi ilipohesabu tena hadi 2015, idadi ilipita 19,000, na ikakadiria kuwa takriban robo ya hao ndio walioupata kwa sababu ya mionzi. Waliobaki walitokana na umri uliosogea, na uchunguzi mwingi uliofichua hata vivimbe vidogo.

Kwa hiyo mtu akikuambia mionzi ndiyo chanzo, muulize mambo mawili: mgonjwa alikuwa na umri gani mionzi ilipomfikia, na ilifikaje kwenye tezi. Hatari iliyo wazi ni ya utotoni, na mionzi lazima iifikie tezi yenyewe, ama kwa iodini iliyoliwa au kunywewa, ama kwa miale iliyoelekezwa kichwani au shingoni. Watoto waliotibiwa mapunye kwa mionzi huko Israeli baada ya vita kuu ya pili waliongezeka saratani ya tezi walipokua. Ndiyo maana daktari mzuri atakuuliza kama uliwahi kupewa tiba ya mionzi ukiwa mdogo, na ukiulizwa jibu kwa ukamilifu. Kwa waliopata mionzi wakiwa watu wazima ushahidi ni dhaifu zaidi. Mawimbi ya mnara wa simu hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi ndani ya seli, na eksirei ya mguu hata haielekei shingoni. Ukiwa bado na wasiwasi na mnara wa mtaani kwenu, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hupima mionzi ya minara. Waandikieni kupitia serikali ya mtaa.

Nimelirefusha hili kwa sababu lawama inagharimu muda. Kwa mdogo wangu miezi ilipita familia ikibishana kuhusu kuhama nyumba huku uvimbe ukikua.

Sasa upande wa pili, ambao huku hausemwi. Baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima ya Machi 2011, Japani iliwapima kwa ultrasaundi watoto na vijana wapatao 300,000 na saratani nyingi zikaonekana. Habari zikasambaa kwamba ni Chernobyl nyingine. Lakini saratani hizo zilionekana mapema mno, na hazikujazana kwa watoto wadogo kabisa kama ilivyokuwa Chernobyl. Maziwa na vyakula vilikuwa vimedhibitiwa, na dozi za tezi zilikuwa ndogo zaidi kwa mbali. Kamati ileile ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2021 kwamba ongezeko hilo linatokana na ukali wa vipimo, si mionzi. Korea Kusini hawakuwa na ajali yoyote, ila walianza kupima shingo za watu wazima wasio na dalili. Kufikia 2011 wagonjwa waliogunduliwa walikuwa mara 15 ya wale wa 1993, na vifo havikupungua. Walioongezeka ni waliopasuliwa, wanaomeza vidonge maisha yote, na baadhi yao wana sauti iliyoharibika au upungufu wa kalsiamu kwa sababu ya upasuaji. Mwaka 2018 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilishauri kutopima tezi za jamii nzima hata baada ya ajali ya nyuklia.

Basi ukikutana na ofa ya kupima mwili mzima, shingo ikiwemo, na huna uvimbe wala dalili, mimi nakushauri uiache shingo.

Ukiwa na uvimbe, ni habari nyingine, nenda! Huku kwetu wengi tunachelewa. Uvimbe mgumu, unaokua, sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu, kumeza kwa shida, au tezi nyingine zilizovimba pembeni ya shingo: hayo hayasubiri. Vivimbe vingi vya tezi si saratani, na rovu la kukosa madini joto bado lipo. Kinachotenganisha ni kipimo cha damu cha homoni, ultrasaundi, kisha sindano nyembamba. Nilikuwa nimeshika mkono wa mdogo wangu siku ile. Alilazwa chali, mto chini ya mabega, shingo ikainuka. Daktari alimwambia asimeze mate, akaingiza sindano huku akitazama kioo cha ultrasaundi, akaichezesha kidogo, akatoa tone la damu na kulipaka kwenye vipande vya kioo. Haikuchukua muda. Mwenzako akikutisha kwamba sindano huamsha saratani na kuisambaza, usimsikilize ukakatisha kipimo.

Kwake ilikuwa saratani aina ya papilari, ambayo ikitibiwa mapema wengi hupona. Baada ya upasuaji alipelekwa taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na dawa aliyopewa ni iodini-131. Ndiyo, ileile ya Chernobyl. Mabaki ya tezi huinyakua, nayo huyaua. Kabla ya hapo alitakiwa kupunguza iodini: chumvi ya madini joto aliacha, samaki wa baharini na maziwa pia. Sato wa ziwani aliruhusiwa, ila asiwekewe chumvi hiyo. Shemeji yangu alimpikia sato kwa ndimu na nyanya tu. Aliporudi Mwanza alilala peke yake, akakaa mbali na watoto wadogo na dada yetu mjamzito kwa siku alizoelekezwa, akimwaga maji mara mbili kila akitoka chooni. Mama anayenyonyesha hutakiwa kuacha kabla ya dawa, na mimba huahirishwa kwa miezi. Watu wa nyumbani waelezeni mapema, ili asionekane anatengwa.

Jambo la mwisho linatuhusu sote wa ufukoni. Kenya imeitaja Siaya, kwenye Ziwa Victoria hilihili, kwa ajili ya kinu cha nyuklia, na Uganda imeitaja Buyende. Sisemi kwamba ajali inakuja. Nasema kinga inajulikana: ikitokea, maziwa mabichi yasimamishwe kwa watoto siku hiyohiyo, na vidonge vya iodini vitolewe na mamlaka, visitafutwe kiholela dukani. Mwaka 1986 Poland iliwapa watoto zaidi ya milioni 10 iodini, ya maji ya kunywa badala ya vidonge. Tezi iliyojaa iodini safi ni kama debe lililojaa maharage, ukimimina zaidi yanamwagika. Utafiti uliochapishwa 2005 kuhusu watoto wa Belarus na Urusi ulionyesha kwamba, kwa dozi ileile ya mionzi, waliokuwa na upungufu wa iodini walikuwa na hatari mara tatu ya wengine.

Kwa hiyo nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, hata kama ya kupimiwa kwenye ndoo ni nafuu. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko na jua, na uitie mboga inapokaribia kuiva, maana madini hayo hupotea kwa moto na unyevu.