Mwanangu, mkweo anajua

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa jikoni, maandazi yakaniungulia. Unauliza mumwambie mkweo kwamba madaktari wamesema tiba imefika mwisho, au mumfiche kama wanavyotaka shemeji zako. Tena unauliza kama ni kweli ile mofini ya maji mliyopewa ni dawa ya kumsindikiza. Umeniuliza kwa sababu kila Jumanne nafuatana na wauguzi wa tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu ya wasiotarajiwa kupona, majumbani. Sawa, lakini mimi si daktari. Kazi yangu huko ni kufua, kukanda miguu ya watu na kunyamaza.

Nianze na dawa, maana mwenye maumivu hana masikio ya jambo jingine. Mofini ikipimwa kama mlivyoandikiwa haimuui mtu. Mpeni kila baada ya saa nne, awe analalamika au halalamiki. Mkingoja mpaka alie, maumivu yameshatangulia na kuyarudisha ni kazi. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, msishtuke. Choo kitafunga, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha choo, mapema. Na shemeji yako anayeogopa mama atakuwa teja, mwulize: bibi wa miaka sabini na mbili, asiyeweza kufika mlangoni, atakwenda kukaba watu wapi?

Mwalimu aliyetufundisha alikuwa hachoki kututajia Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza na uuguzi akaishia udaktari, akafungua St Christopher's, nyumba ya kutunzia wagonjwa wanaokaribia mwisho, kule London mwaka 1967 na kushikilia kwamba dawa itangulie maumivu. Daktari mwingine, Anne Merriman, akaanzisha huduma kama hiyo Kampala mwaka 1993, kwa mofini ya unga iliyokorogwa na maji. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hii kuiandika. Kwa hiyo hiyo chupa yenu si jambo la jana.

Sasa hilo la kumficha. Mwanangu, mtu amepigwa mionzi wiki tano Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar es Salaam, amekaa benchi moja na wenzake, amewaona wanaorudi na wasiorudi, nanyi mnadhani hajui anaumwa nini? Anajua. Anawafichia ninyi.

Nina jambo sijawahi kukusimulia. Babu yako alipokuwa kitandani, usiku mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, nitapona?" Nikamjibu haraka haraka, "Utapona baba, inshallah," nikainuka kwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Akageukia ukutani. Hakuniuliza tena. Siku ya tatu ya matanga akaja mzee mmoja kutoka Pangani, kwa adabu zote, akasema alikuwa anamdai marehemu fedha za mbao. Hatukujua deni lolote. Tulilipa, lakini mpaka leo najiuliza kama usiku ule alitaka kunitajia lile deni, mimi nikamfungia mlango kwa inshallah yangu. Na neno lenyewe halikuwa na kosa, kosa ni kwamba nilikimbia nalo.

Kwa hiyo usimtangazie kama hukumu ya mahakama. Subiri wengine wakienda msikitini, mkalie karibu, umwulize, "Mama, wewe mwenyewe unaionaje hali yako?" Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, usishike simu. Akisema anataka kupona tu, mwitikie dua yake, mwache hapo. Akisema amechoka, usimwambie "usiseme hivyo." Mwulize ana shughuli gani iliyobaki: deni, amana, mtu wa kuombana naye radhi, mahali anapotaka kuzikwa. Mumeo umtangulize katika hili, mama ni wake. Shemeji zako watakasirika. Waache wakasirike.

Kuhusu uji: acheni kumlazimisha. Najua wifi yako anaona asipokula ni kama mmemtupa. Mwili unapofunga kazi zake hautaki chakula, na kijiko cha nguvu kinaweza kumpalia. Loweka pamba safi kwa maji, umpanguse midomo. Mpeni wifi kazi hiyo, mikono yake inatafuta cha kufanya.

Harufu uliyoitaja kwa kunong'ona, usione haya, mwambie muuguzi. Ipo dawa yake, na ya bei ndogo. Nimewaona wanawake waliokataa kutembelewa na ndugu zao kwa sababu ya harufu tu, wakabaki peke yao na ukuta.

Nakuja na basi la Ijumaa alfajiri. Usinipikie wala usinitandikie sebuleni. Nitalala kwenye mkeka chumbani kwa mkwe mwenzangu, dawa ya saa sita na ya saa kumi usiku nitampa mimi, nawe ulale.

Mama yako