Mwembe umekauka, nimwite kijana aukate?

SWALI: Shikamoo Babu. Mi nakaa Mbagala, nyuma ya nyumba kuna mwembe wa marehemu mzee, tangu mwaka jana haujatoa hata jani, gome linabanduka lenyewe na juzi tawi limedondokea choo cha jirani bati likapinda. Nyaya za umeme zinapita hapo hapo pembeni. Kuna kijana anasema atapanda na panga amalize kwa elfu hamsini, kuni achukue yeye akachome mkaa. Ila mtu kaniambia nitakamatwa na maliasili, sasa mti wangu na umeshakufa, nikamatwe kwa lipi? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Kijana mwambie asipande, hata akishusha bei.

Kesho asubuhi chukua nyundo, gonga shina huku unazunguka. Ukisikia ko ko ko bado kuna nyama, ukisikia buu kama ngoma basi mchwa keshamaliza, limebaki ganda. Tawi bichi linapinda, linalia, ndo linakatika, ila kavu ni pa! na aliyefungia kamba hapo anakuja nalo chini. Hata mafundi wa msumeno wa cheni wanauogopa mti mkavu, maana mti mzima wanauachia kipande chembamba pale kwenye mkato kiushike ulale upande wanaotaka, sasa mkavu hicho kipande kinavunjika tu na mti unaenda unakojua wenyewe. Na kama kuna pango juu chungulia kwa mbali, nyuki wanapenda sana humo.

Nyaya ndo za kwanza. Nenda TANESCO ya kwenu na barua, waje waone, umeme uzimwe kabla mtu hajagusa tawi. Usikubali ile ya "tutakata kwa akili".

Haya, maliasili. Mwembe wa uani si mvule wala mninga wala mpingo, hiyo ndo miti ambayo hata nje ya msitu wa hifadhi hukati bila kibali, Sheria ya Misitu ya 2002 hiyo. Ila anzia kwa mtendaji wa mtaa akuelekeze kwa afisa misitu wa manispaa, maana halmashauri zina sheria ndogo zao, na karatasi itakusaidia jirani akigeuka. Ungekuwa kwenye hifadhi ya barabara usingekuwa wako kabisa, na ndani ya mita 60 kutoka mtoni kuna Sheria ya Mazingira ya 2004. Balaa lenyewe ni huo mkaa: kuchoma kunataka kibali, kusafirisha kunataka hati, akishikwa getini atasema katoa kwako. Kuni pikia mwenyewe.

Masika yasikukute nao umesimama, udongo ukilowa na mizizi imeoza hausubiri hata upepo. Watoto wasicheze upande huo, na jirani mpe ufunguo wa choo chenu mpaka ushushwe.