Mafuta ya karafuu na mchwa: nimeyatumia, soma kwanza kabla hujatoa hela

Jamani kama mchwa wameingia ndani na umeambiwa pakaza mafuta ya karafuu watakimbia, nisikilize. Mimi nimeyatumia toka masika ya mwaka jana hapa kwangu Tanga, yanafanya kazi kweli, ila sio ile kazi watu wanayoitangaza.

Ilianzia fremu ya mlango wa chumba cha watoto. Nafagia, naona kamstari ka udongo kamepanda ukutani toka sakafuni, nikakabandua na kijiko, ndani wamejaa wale weupe weupe wanakimbizana, nikaigonga fremu ikalia kama boksi tupu. Mbao ya paini, imeliwa yote imebaki rangi ya juu tu, niliumia sana.

Nilikuwa na kichupa cha mafuta ya makonyo toka Pemba, kule makonyo, yani vile vijiti vya karafuu, hayatupwi, wanayakamua mafuta kwa mvuke. Nikanunua bomba la sindano famasi nikawa nachoma kidogo kidogo kwenye matundu, na kila mchwa aliyepatwa alikufa palepale. Ni ile kemikali inaitwa eugenol, ndio inayoipa karafuu harufu na ule ukali unaotia ganzi ulimi.

Wiki ya tatu mstari mpya huo hapo, hatua moja pembeni.

Ndio nikaelewa. Wale wa kwenye fremu wametumwa chakula tu, malkia yuko chini ya ardhi huko anataga mayai maelfu kwa siku, na mafuta yanaua yule yaliyemgusa basi, halafu yanapaa hewani, harufu ikiisha na kinga imeisha. Utamwaga chupa ngapi?

Ikabidi nifuate njia yao mpaka nje. Nyuma ya chumba kulikuwa na rundo la mabanzi yamebaki toka ujenzi, yameegemea ukuta, na bomba linavuja taratibu udongo wa msingi umelowa muda wote, yani tumewawekea chakula na maji. Mabanzi tukayatoa, bomba likatengenezwa, ufa wa msingi ukazibwa na simenti, fremu nikaweka mvule, bei imenichoma ila mchwa hawaipendi. Baada ya hapo ndio mafuta yakaanza kuwa na maana, napulizia kwenye kona na nyuma ya kabati kila wiki mbili.

Mimi nachanganya kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, bila sabuni mafuta yanaelea juu tu, na tikisa kila unapopuliza. Vaa glavu maana yanaunguza ngozi. Kichupa kiweke mbali kabisa na watoto, kuyanywa ni hatari, na kama una paka mtoe chumbani, mwili wake hauyawezi haya mafuta.

Ila kama wamefika kwenye kenchi za paa achana na vichupa, ita watu wa fumigesheni watibu na udongo wenyewe, paa sio kitu cha kujaribia.

Kitu kimoja zaidi, usibandue mistari yote. Mimi niliacha mmoja nyuma ya kabati nikauvunja katikati kama sentimita tano, wakiwepo wataziba lile pengo ndani ya siku chache. Nauangalia kila Jumamosi, mpaka juzi bado uko wazi.