Jumla ya bei za gunia za viazi inatoka "7000065000"

Ndugu wa Uyole, umeuliza kwa nini Python, lugha ya kuandikia programu, inakupa jumla hiyo: haijakosea hesabu. Faili la CSV (jedwali ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma) husomwa lote kama maandishi, kwa hiyo 70000 na 65000 zinaunganishwa tu. Zigeuze ziwe namba kwa int():

```
import csv
jumla = 0
with open("viazi.csv", newline="", encoding="utf-8-sig") as f:
    for m in csv.DictReader(f):
        bei = m["bei"].replace(",", "").strip()
        if bei:
            jumla += int(bei)
        else:
            print("Bei haipo:", m)
print(jumla)
```

Hiyo utf-8-sig huondoa alama isiyoonekana ambayo Excel huweza kuacha mwanzoni mwa faili. Bila hiyo unaweza kuambiwa KeyError, yaani safu "bei" haikupatikana, ukashika kichwa bure. Usiifute else: ukiifuta, mkulima ambaye bei yake haikuandikwa atapotea kimyakimya, halafu ugomvi. Ukiandika 70,000 kwa mkono ndani ya faili, iweke ndani ya alama za nukuu, la sivyo koma itaigawa safu.

Nakili faili kwanza. Kama hesabu hizi zinaenda TRA, mhasibu azipitie.