Maswali na Majibu: Mchoraji na Sahihi Yake

Mwalimu, shikamoo. Ni kweli mchoraji Mfaransa Jacques-Louis David alichora "Kiapo cha Horatii" kuunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa? (Mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo)

Marahaba. Si kweli, na swali hili nimeshalijibu mara nyingi. Picha hiyo ya ndugu watatu wa Roma ya kale wakiapa kuupigania mji wao ni ya 1784, mapinduzi ni ya 1789, na aliyeiagiza ni serikali ya mfalme. Someni tarehe kabla ya kuandika.

David alikuwa mwanamapinduzi wa kweli au bendera fuata upepo? (Msomaji, Kaole)

Alikuwa mwanamapinduzi, na ndiyo maana namlaumu. Aliingia bungeni 1792, na Januari 1793 akapiga kura mfalme auawe. Mkewe akaomba talaka. Julai mwaka huo Marat, mwandishi wa mapinduzi, akachomwa kisu akiwa ndani ya bafu, na David akamchora kama shahidi aliyekufa kwa ajili ya mapinduzi. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Mtu ana haki ya kuwa na upande.

Lakini alikaa pia kwenye Kamati ya Usalama wa Jumla, iliyotoa amri za kukamata watu, na sahihi yake imo kwenye amri hizo. Mmoja wa waliokamatwa ni jenerali Alexandre de Beauharnais, aliyekatwa kichwa Julai 1794. Siku chache baadaye Robespierre, kiongozi wa mapinduzi na mshirika wa David, naye akauawa, David akatiwa ndani. Alipotoka akamfuata Napoleon, na 1807 akamaliza picha ya kutawazwa kwake, yenye upana wa karibu mita 10. Mwanamke aliyepiga magoti hapo akisubiri taji ni Joséphine, mke wa Napoleon na mjane wa huyo Beauharnais!

Wanafunzi wangu huisifia picha hiyo kwa mwanga na mpangilio wake. Wako sahihi. Ila wanaposema ufundi huo unamsafisha aliyeichora, nakataa.

Na Élisabeth Vigée Le Brun, aliyemchora malkia Marie Antoinette kisha akakimbia mapinduzi, si msaliti? (Msomaji, Pangani)

Hapana. Aliondoka na binti yake Oktoba 1789, akaishi kwa brashi yake Italia, Austria na Urusi. Wasanii wenzake walitia sahihi ombi jina lake lifutwe kwenye orodha ya waliokimbia. Sahihi za namna hiyo ndizo ninazozipenda.

Kwetu yupo mchoraji aliyeshika wadhifa wa kisiasa? (Msomaji, Dunda)

Sam Ntiro, mwakilishi wa Tanganyika mjini London baada ya uhuru. Usimlinganishe na David. Ubalozi si kamati ya kukamata watu.

Mzee, shikamoo. Mgombea anataka nimchore ukutani. Watu hawatanihesabu mfuasi wake? (Kijana, Magomeni)

Marahaba, mwanangu. Watakuhesabu, na kazi ufanye. Dai malipo ya awali kabla hujanunua rangi, na ukutani andika jina lako. Lakini wapambe wake wakikuletea orodha ya majirani ili uwaonyeshe nani yuko upande gani, karatasi hiyo usiiguse, hata kama hela ya ukuta hawajamaliza kukulipa.